Sheitani Niliyempa Ndugu Yangu

Watu wa Mkoani watakwambia kuwa marehemu ndugu yangu Mbaruk alikuwa na kibuki kichwani. Usiwasikilize. Kibuki kile nilikitunga mimi Fakhriya, kwa ulimi wangu huu huu, Ijumaa moja baada ya sala, mbele ya wazee watatu waliomleta nyumbani wamembeba mikono na miguu. Sikuwa na homa, wala sikuwa na wazimu. Nilikuwa na haya.

Mbaruk nilimpita miaka sita. Mashamba ya mikarafuu ya baba yetu yaligaiwa watu baada ya Mapinduzi, kabla yeye hajaota meno, kwa hiyo hakurithi ila kabati la vitabu vya Kiarabu lililoliwa na mchwa upande mmoja. Akasomesha Kiswahili skuli ya sekondari, na jioni akaandika. Kitabu chake cha kwanza kilipigwa chapa Dar es Salaam: hadithi ya mwanamke mwosha maiti anayeogopa kufa, kwa kuwa anajua wenzake watamsengenya vipi wakati wa kumwosha. Nilikisoma kwenye cherehani, kazi za watu zikalala. Sijapata kuona mwanamume anayewajua wanawake namna ile, na hali chai yake mwenyewe alikuwa hawezi kuitia sukari.

Tangu udogo alikuwa na siku zake. Akilala kuelekea ukutani, hali, hasemi, mama akimwita haitikii. Siku tatu, siku nne. Sisi tukisema, Mbaruk kanuna. Ndilo neno tulilokuwa nalo, tukalitumia mpaka likachakaa. Alipokuwa mtu mzima alijitafutia dawa yake, kwanza tembo kwa mgema mmoja huko mashamba, halafu gongo. Akinywa, kalamu ilikuwa ikienda. Baadaye akawa anakunywa na kalamu haiendi.

Ukaja uchaguzi wa vyama vingi, mwaka tisini na tano, na Pemba nzima tukanuniana. Duka la fulani huingii, gari la fulani hupandi, maiti ya fulani huziki. Mbaruk akaandika hadithi gazetini, ya kijiji ambacho maiti imekaa ndani siku mbili kwa sababu kila chama kinangoja chama chengine kiitoe. Wa huku wakasema katutukana sisi, wa kule nao wakasema katutukana sisi. Nadhani ndilo jambo pekee walilokubaliana mwaka ule. Barua ya kumwachisha kazi ikaja, na kila akiingia dukani sukari ilikuwa imekwisha.

Mama yetu alifariki mwaka tisini na saba. Jeneza lake lilibebwa na watu sita. Mama, ambaye nusu ya watoto wa mtaa ule walizaliwa mikononi mwake! Wengine walisimama madirishani wakatazama. Siku ile nilimwambia Mbaruk neno ambalo nikilikumbuka natamani kuung'ata ulimi huu utoke. Nilimwambia, "Mama yako umemzika kwa kalamu yako." Alilala kuelekea ukutani siku kumi na moja, na alipoinuka alikwenda moja kwa moja kwenye gongo.

Sasa Ijumaa yenyewe, mwaka uliofuata. Watu walitoka msikitini wakamkuta amelala kwenye baraza ya jirani, kanzu imepanda magotini, chupa ubavuni. Na chupa ile, kwa bahati yake au kwa balaa langu, haikuwa ya gongo. Ilikuwa ya brandi, alipewa na rafiki yake aliyekuja na meli kutoka Unguja. Ami yetu Mmanga, mdogo wake baba, ndiye aliyekuwa mbele. Wakamlaza ukumbini. Ami Mmanga akaishika ile chupa kwa ncha za vidole, akanitazama.

"Fakhriya, ndiyo haya? Mtoto wa kaka yangu mlevi?"

Ndani alikuwamo Bi Mwatima wa Makoongwe, kaja kuchukua nguo zake nilizomshonea. Bi Mwatima alikuwa fundi wa kibuki. Kwa asiyejua, kibuki ni sheitani wa Bukini, yaani Madagaska. Ni sheitani wa ukoo wa wafalme, si Mwislamu, anapenda nguo nyeupe, na hapandi kichwani kwa mtu mpaka anyweshwe brandi. Nilimwona Bi Mwatima ananusa, na papo hapo akili yangu ikafanya kazi kuliko siku zote za maisha yangu.

"Si mlevi, Ami," nikasema. "Ana kibuki. Muda mrefu. Tulikuwa tunamficha."

Wazee wakarudi nyuma hatua moja. Bi Mwatima akapiga magoti, akamwekea Mbaruk kiganja kwenye paji la uso, na machozi yakamtoka. Alikuwa mwanamke wa imani, si tapeli, na hilo nalisema mpaka leo. "Maskini we," akasema. "Ntu mkubwa huyu aliyemkalia. Ndiyo maana akinuna siku zile. Alikuwa akidai haki yake."

Kila kitu kikakaa mahali pake. Kununa kwake, kunywa kwake, kulia kwake peke yake uani, hata ile hadithi ya gazetini: si yeye, ni sheitani. Ami Mmanga akatoka kifua mbele. Mtu mwenye sheitani hana lawama, na nyumba yake haina aibu.

Mbaruk alipoamka nilimweleza. Alicheka mpaka akakohoa. "Da Fakhriya," akasema, "weye ndiye mwandishi nyumba hii." Nami nikacheka. Sijui tulikuwa tunacheka nini.

Mkewe Moza, mtu wa Kisiwa Panza, hakucheka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, anayemeza mengi. Alinifuata jikoni, akaufunga mlango.

"Da Fakhriya, mume wangu anakunywa, na moyo wake una maradhi. Miye ndiye ninayelala naye, najua. Mkimwita sheitani, nani atamzuia tena?"

Nilimwambia akae na mume wake na asituletee ujuzi wa visiwani. Basi hilo nalo limo kwenye hesabu yangu kwa Mungu.

Bi Mwatima akamwingiza Mbaruk kilingeni. Kilinge, yaani mahali pa kumpungia sheitani, kilikuwa uani kwetu, kila mwezi mara moja baada ya alasiri. Wanawake wakaja kutoka Makoongwe, kutoka Chokocho, kutoka mitaani kwetu. Na nani hao waliokuja? Wale wale wa madirishani! Wa chama hiki na wa chama kile, wamekaa mkeka mmoja, wanapiga makofi pamoja, kwa sababu sheitani hana kadi ya chama. Baada ya miaka miwili ya kuamkiwa na paka tu, nyumba yangu ilijaa viatu mlangoni. Nilipika kahawa birika tatu. Nilikuwa na furaha, na sitaki kusema uongo mwengine juu ya ule wa kwanza.

Mbaruk alinyweshwa. Mara ya kwanza alikuwa akiigiza, nilimjua kwa kona ya mdomo. Mara ya tatu sikuweza tena kumjua. Alivaa nguo nyeupe nilizomshonea mwenyewe, akakaa kwenye kiti katikati, akafumba macho, na kibuki akasema. Akasema mashairi. Beti zilimtoka mdomoni zimepimwa, zina vina, hazijakwaruzwa pahala. Alizungumza juu ya bahari aliyovuka, juu ya mama aliyezikwa na watu sita, juu ya mwanamke anayeficha tarumbeta kifuani ili asiwaamshe watu. Wanawake walilia kwa sauti. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na daftari, naandika mbio mbio mpaka mkono ukaniuma.

Kwenye karatasi hakuandika tena. Kalamu zake zilikauka juu ya kabati. Nilimwuliza siku moja, akanijibu, "Niandike vipi na miye si miye?" Nikaona ni maneno yake ya kishairi, nikaenda kuchuja nazi.

Moza alirudi kwao Kisiwa Panza mwaka tisini na tisa, mwezi wa tatu. Wiki moja baada yake, asubuhi, Mbaruk alikuja kwenye cherehani yangu. Alikuwa kaoga, kanyoa, mikono inamtetemeka. Macho yake yalikuwa ya manjano. Akakaa chini sakafuni, jambo ambalo hakupata kulifanya tangu utoto.

"Dada," akasema, "miye sina sheitani."

"Najua huna."

"Nina huzuni. Ilianza kabla ya mama, kabla ya siasa, kabla ya kila kitu. Sijui imetoka wapi. Nikinywa hunyamaza kidogo, halafu huja na wenzake. Nimezungumza na Nassor."

Nassor alikuwa daktari wetu pale Mkoani, walisoma pamoja tangu chuo cha Kurani. Kwa mujibu wa Mbaruk, Nassor alikuwa tayari kumpeleka Unguja, kwenye hospitali ya maradhi ya akili, na kukaa naye siku za mwanzo yeye mwenyewe, kwa kuwa siku za mwanzo za kuacha pombe ni za hatari. Meli ilikuwa Alkhamisi. Lakini wazee walikuwa wameapa kuwa mwele, yaani mgonjwa, wa kibuki hatolewi kilingeni bila ya idhini ya ukoo, kwani sheitani akikasirika huua. Ami Mmanga alikuwa amesema wazi, atakwenda bandarini kumteremsha kwa mikono yake.

"Waambie tu," Mbaruk akasema. "Ulisema weye, wataamini weye. Mwambie Ami ulimdanganya. Basi. Neno moja."

Nilimwahidi. Wallahi nilimwahidi, nikamshika mikono yake ile inayotetemeka, nikamwambia, "Jumatano anakuja Ami na Nassor, nitasema."

Jumatano walikuja. Nassor alikaa kwenye kiti cha mlangoni, begi lake magotini. Ami Mmanga alikaa kwenye kochi, na pamoja naye alikuja Bi Mwatima na wake wawili wa wazee wale wa Ijumaa. Mbaruk alikaa pembeni, kichwa chini. Nassor alianza kwa adabu, akaeleza maradhi ya huzuni, akaeleza ini. Kisha akanigeukia.

"Da Fakhriya, wewe ndiye unayeishi naye. Waeleze wazee. Ndugu yako anakunywa pombe tangu lini?"

Nikafungua mdomo. Nikawaona wale wanawake wawili wananitazama. Nikahesabu kichwani: nikisema, kesho mtaa mzima utajua kuwa nimewakalisha uani mwaka mzima wamlilie mlevi. Nitajua wapi pa kuuweka uso wangu? Watarudi madirishani. Nikifa mimi, watanibeba sita.

"Ndugu yangu si mlevi," nikasema. "Hayo anayokunywa ni ya sheitani wake."

Nassor akafunga begi lake. Bi Mwatima akasema, "Alhamdulillahi." Mbaruk hakuinua kichwa. Nilingoja anigombeze, anitukane, anipige hata kofi. Aliinuka akaenda chumbani kwake, na nikasikia kitanda kinalia alipojilaza. Meli iliondoka Alkhamisi na sikutoka nje siku ile, nilijifanya nina kazi ya mshono.

Nilijiambia bado wakati upo. Nilijiambia baada ya Idi, halafu baada ya mavuno ya karafuu. Mimi ni hodari wa kujiambia. Yeye hakuniomba tena, na kuomba kwake kulivyokoma nilikuchukulia kuwa kapata nafuu. Tumbo lake likavimba. Bi Mwatima akasema kibuki anamlisha vizuri.

Mwaka wa elfu mbili, mwezi wa nne, nilishindwa. Nilikuwa nikimfulia mashuka yake nikaona damu, si ya kuumia, damu ya kutapika, nyeusi. Siku ile ilikuwa siku ya kilinge. Watu walikuwa wamekwisha kujaa uani, Mbaruk yumo kitini na nguo zake nyeupe, chupa imefunguliwa. Nikaingia katikati na lile shuka mkononi, mikono ina povu la sabuni.

"Simamisheni," nikasema. "Huyu hana sheitani. Huyu ni Mbaruk, ndugu yangu. Ni mgonjwa, na ni mlevi, na aliyesema uongo ni mimi. Nilisema kwa sababu nilikuoneeni haya nyinyi. Mbaruk, inuka. Twende kwa Nassor."

Makofi yakakatika. Nilikuwa nimelisema, neno lile lile moja, mbele ya watu wote niliowaogopa, na sikufa. Nikamnyooshea mkono. Akafumbua macho, akanitazama vizuri, akajibu kwa ile sauti ya kilingeni:

*Mbaruku mwamtaka, hayuko hapa nyumbani,*
*Alikwita hukwitika, ukamwacha mlangoni,*
*Leo waja kumshika, keshafika safarini,*
*Kaa ngoma isikize, mwenye kiti si nduguyo.*

Wanawake walipiga vigelegele. Mmoja akasema, "Sheitani kamjibu!" Bi Mwatima akanitoa taratibu, kanishika mabega, ananibembeleza kama mtu aliyefiwa. Nyuma yangu nikasikia glasi inajazwa.

Kesho yake mchana nilimpelekea uji. Alikuwa macho yamefunguka, mwenyewe kabisa.

"Nilikusikia jana," akasema.

"Mbona ukanikana mbele za watu?"

"Sikukukana. Nilikujibu." Akanywa uji vijiko viwili, akausukuma. "Da Fakhriya, Mbaruk ana nini cha kurudia? Hana kazi, hana mke, haandiki. Hakuna anayemtaka. Yule mwengine ndiye mnayekuja kumsikiliza. Hata weye, ukija kwangu huja na daftari."

Nilimwambia si kweli. Nilimwambia ningeyachoma madaftari yote jikoni sasa hivi iwapo atakwenda hospitali. Akatabasamu, akaniambia nisiyachome, kuna ubeti wa mwezi wa pili aliupenda. Niliondoka na bakuli nikaenda kulia uani, palepale penye mkeka wao.

Nilimwita Nassor. Alikuja jioni ile ile bila ya kuniuliza neno juu ya mwaka uliopita, na kwa hilo nitamwombea dua mpaka nife. Alisema ini limekwisha, safari ya meli hataihimili, angekuja mwaka ule. Hakulisema kwa kunilaumu. Ilikuwa tarehe tu anaitaja.

Mbaruk alikufa Jumapili ya pili yake, asubuhi, mimi nimemshika kichwa na Moza kamshika miguu. Moza alikuja na boti kutoka Kisiwa Panza, hakunisalimu na hakunilaumu. Watu walijaa mazikoni mpaka barabarani. Wa chama hiki na wa chama kile walipokezana jeneza. Kila aliyenipa mkono wa pole alimtaja kibuki. Namna gani alivyokuwa na maneno, namna gani alivyomwonea huruma mama wa watu. Juu ya Mbaruk, kuwa alikuwa mwandishi, kuwa alisomesha watoto wao, kuwa aliomba msaada kwangu nikamnyima, hakuna aliyesema kitu.

Arubaini ikapita. Mimi chakula kilikuwa hakinipiti. Nilikaa kwenye cherehani bila ya kushona, kitambaa kimoja siku nne. Jirani akibisha nilikuwa naisikia hodi na siwezi kuitika, mwili haunyanyuki. Nikawa nalala kuelekea ukutani, kwa sababu upande wa pili kuna mlango na mlangoni hupita watu.

Siku moja, jua limekwisha kupanda, Bi Mwatima alivuka bahari kutoka Makoongwe na wanawake wanne. Waliingia taratibu, wakakaa kitandani pembeni yangu. Mmoja alikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa, mpya. Bi Mwatima alikuwa na kikapu, na ndani yake nikaiona shingo ya chupa.

"Mwanangu," akasema, "tumesikia huli wala husemi. Usiogope. Ntu mkubwa kama yule haendi na maiti kaburini. Hutafuta kiti chengine cha kukalia kwenye damu ile ile. Kakutaka weye."

Nikakaa kitako. Ulimi ulikuwa mzito lakini nililitoa neno zima zima, nikiwatazama mmoja mmoja.

"Bi Mwatima, mimi sina sheitani. Nina huzuni. Nimemuua ndugu yangu na nina huzuni."

Wakatazamana. Bi Mwatima akaushika mkono wangu, akaubusu, machozi yanamtiririka kwa mapenzi ya kweli.

"Na yeye, mwanangu, mwanzo akisema hivyo hivyo," akasema, na akaifungua chupa.